Nyongeza

Kibirizi dagaa hupimwa kwa kisado.
Muuzaji akishasawazisha kwa kiganja
hurudi kwenye turubai, akachota konzi moja,
akaitupa juu: nyongeza.
Hukuiomba, hukuilipia, ni yako.
Nimekua nikijua kwamba nyongeza
ni neno la mnunuzi.

Mwaka juzi Bukuru, mtoto wa dada yangu,
alikipiga picha chumba changu cha uani, hapa Bangwe.
Akasogeza ndoo, akaficha jiko la mkaa,
akangoja jua ligeuke ili ziwa liingie dirishani
(tukisema kweli huingia kipande tu,
upana wa kanga iliyokunjwa).
"Mama mdogo, unataka shilingi ngapi kwa usiku?"
Hamsini elfu, nikasema.
Akacheka. "Kwa hamsini utakaa chini kabisa ya orodha,
nani ateremke huko kukutafuta?
Tuandike thelathini na tano."
Na kumi na tano yangu?
"Hiyo tutaiita usafi."

Ufagio wa chelewa za mchikichi, nimeusuka mwenyewe.
Sabuni, kipande cha mawese.
Maji, ya ziwa.
Elfu kumi na tano!
Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu
ndiyo sahihi niliyotia.

Akaja Tuntufye, mwalimu kutoka Tukuyu,
treni imemchelewesha siku nzima,
vumbi la Uvinza bado liko kwenye nyusi.
Nikampa chai, hakuigusa.
Akalaza simu yake juu ya mkeka:
"Mama, naomba unisomee."

Thelathini na tano, kwa herufi nene
kama migebuka ya msimu.
Halafu bonyeza. Halafu jina, kitambulisho, tarehe,
bonyeza tena,
na chini, kwa maandishi ya miguu ya sisimizi,
usafi kumi na tano,
huduma saba,
kodi nne,
mpaka pale ambapo kidole kimeshachoka kukataa:
sitini na moja.

"Mume wangu nilimwambia thelathini na tano," akasema.
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikatoa simu yangu, nikailaza kando ya yake.
Arobaini na nane na mia tano.
Chumba kimoja, usiku mmoja,
na katikati ya simu mbili elfu kumi na mbili na ushei
zimepita uani kwangu bila kubisha hodi.

Ningeweza kuishia hapo.
Ningesema, unaona, mwizi ni yule asiye na uso,
naye angeniamini, alishaanza kunionea huruma.
Lakini kitako cha kile kisado
nilikibonyeza ndani mimi.

"Huo usafi ni wangu," nikasema.
"Tuliukata pembeni ili bei ionekane fupi."

Akanitazama muda mrefu.
Akachukua kikombe, chai imeshapoa, akaimaliza.
"Angalau ni kisafi," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi nilimfungia migebuka miwili mikavu kwenye gazeti.
Akaipokea kwa mikono miwili, kisha akauliza,
kwa adabu zote za kwao,
"Na hii ni shilingi ngapi?"

Nimemwambia Bukuru afute usafi, aandike hamsini.
"Utashuka, mama mdogo."
Nishushe.
Nimeshuka. Wiki ya tatu hii shuka hazijakunjuliwa.
Ile saba na ile nne bado wanaziweka,
siujui mkono unaoziandika.

Na juzi, Kibirizi, muuzaji alipochota konzi yake
akataka kuitupa juu,
nilijikuta nimemshika kifundo cha mkono:
hii, utanidai lini?